Rimoti Inasukuma Nini?

Jirani yangu hapa Nyegezi, Mwanza, ni mwalimu mstaafu mwenye goti bovu na santuri za dansi zinazojaa kabati mbili. Anapotaka kusikiliza, huweka santuri, hukaa, husikiliza kidogo, kisha huinuka akichechemea hadi kwenye priamplifaya, hupunguza sauti kiasi cha unywele, hurudi kukaa, hutikisa kichwa, huinuka tena. Upande wa pili wa santuri unaanza na zoezi lilelile, maana kila santuri ilirekodiwa kwa kimo chake cha sauti.

Siku moja nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu. Kwa nini usitafute priamplifaya yenye rimoti?"

"Marahaba, mwanangu. Rimoti ni ya televisheni. Chombo cha muziki ukikitia rimoti ni kama umetia maji kwenye maziwa."

Kauli hiyo hakuitunga yeye. Wapenda sauti safi wameisema kwa miaka mingi, na wapo watengenezaji wa vyombo vya bei ya gari ambao hata leo hawaweki rimoti kwa makusudi. Hoja yao si ya kipuuzi. Priamplifaya hupokea mawimbi madogo ya umeme kutoka kwa kicheza santuri, deki au redio na kuyapeleka kwa amplifaya kubwa inayosukuma spika. Chochote unachokiweka katika njia ya mawimbi hayo, iwe kiungo, swichi au chipu, kinaacha alama yake, na alama hiyo itakuzwa pamoja na muziki. Basi punguza vikorokoro. Ukileta rimoti unaleta sensa ya kupokea amri zake, kompyuta ndogo, saa yake ya ndani, na transfoma ya ziada ya kuilisha. Vyote hivyo kwa ajili ya mtu asiyetaka kunyanyuka!

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inaiona rimoti kama kitu kimoja. Kumbe kile kipande cha plastiki mkononi hakigusi muziki hata kidogo. Kinachopita hewani ni mwanga wa infraredi usioonekana, unaowaka na kuzimika mara 36,000 au 38,000 kwa sekunde kufuatana na mfumo, ukiwa umebeba ujumbe mfupi: ongeza, punguza, nyamaza. Ukitaka kuuona, elekeza rimoti kwenye kamera ya simu kisha ubonyeze. Kwa simu nyingi utaona kitaa cha zambarau kikipepesa. Ujumbe ukishafika ndani ya boksi ndipo mambo yanapoanza kutofautiana. Swali la kuuliza dukani Makoroboi au kwa mtumba wa Mlango Mmoja ni hili: rimoti hii, ikishabonyezwa, inasukuma nini?

Ili kujibu tuanze na kile kitufe cha kuzungusha ambacho mafundi wanakiita nobu. Nyuma yake, katika vyombo vingi, kuna potenshomita: njia ya kaboni iliyopinda kama kwato ya farasi, na ulimi wa chuma unaotambaa juu yake. Ulimi ukiwa mwisho wa njia, mawimbi yote yanapita. Ukirudi mwanzo, hayapiti. Njia hiyo haipakwi sawasawa. Sikio la binadamu halihesabu kwa kujumlisha, linahesabu kwa kuzidisha: kutoka wati 10 hadi wati 100 ni mara kumi ya nguvu, lakini wengi wetu tutasema sauti imekuwa kubwa kama mara mbili tu. Kwa hiyo kaboni hupakwa kwa mkunjo maalumu, ili mwanzo wa mzunguko upunguze sana na mwisho uachie polepole.

Potenshomita ya stirio ni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, ya kushoto na ya kulia. Hapo ndipo penye udhaifu. Hakuna kiwanda kinachopaka njia mbili za kaboni zikafanana kabisa, na pengo kubwa zaidi hujificha mwanzoni mwa mzunguko. Kwenye potenshomita za bei ndogo si ajabu ukakuta upande mmoja unazidi mwingine kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 sauti inapokuwa chini. Mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati ya spika anahamia upande mmoja kama abiria aliyesogezwa kwenye daladala.

Sasa tazama bahati mbaya iliyotupata. Amplifaya nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya deki na redio zilizokuwa zikitoa sehemu tu ya volti moja. Milivolti 200 hivi zilitosha kuziamsha hadi nguvu zake zote. Mwaka 1982 zikaja CD, na vicheza CD vikazoea kutoa volti 2. Hiyo ni mara kumi zaidi, yaani desibeli 20. Nobu ikawa inaishi chini kabisa, pale pale palipo pabovu. (Vijitabu vya Kiingereza vitakwambia usivuke "saa tisa". Kwetu mshale mfupi ukilala kushoto vile ni saa tatu. Mkono haujali lugha.) Ukigusa kidogo, sauti inaruka, ukirudisha kidogo, inazimika. Na ukiwa na rimoti, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu sasa anayegusa ni mota, nayo haina vidole.

Hii ndiyo njia ya kwanza ya rimoti: mota. Potenshomita ileile ya kawaida hufungiwa nyuma kijimota kidogo chenye gia na klachi inayoteleza, ili mkono wako ukitaka kuzungusha nobu usipigane nayo. Ukibonyeza rimoti, mota inazunguka. Ukiachia, inakatiwa umeme. Wakati muziki unasikilizwa na hakuna anayebonyeza, mota imekufa, haina mchango wowote. Mawimbi yanapita kwenye kaboni ileile ambayo yangepita kama mota isingekuwepo. Kampuni ya ALPS ya Japani ilitengeneza potenshomita yenye kasha la buluu ambayo imetumika katika vyombo vingi vinavyoheshimika, na ipo ya mkono na ipo ya mota. Aliyemwambia Mwalimu kwamba rimoti inatia maji kwenye maziwa hajafikiria mpangilio huu. Ng'ombe ni yuleyule, kibuyu ni kilekile, kilichobadilika ni nani anayekishika.

Kasoro yake ni ukorofi wa hatua. Unabonyeza mara moja, inaruka desibeli 3. Unarudisha, inaruka 4. Wengi hulaumu rimoti na kuuza chombo, ilhali tatizo ni zile volti 2 za CD kuingia kwenye mlango uliojengwa kwa milivolti 200. Fundi anayejua kazi ataweka rezista, yaani vipande vidogo vya kuzuia umeme, mbili kwa kila upande kwenye mlango wa kuingilia, akashusha mawimbi kwa desibeli 15 au 20. Nobu itapanda hadi katikati ya mzunguko, pande mbili zitalingana, na mota itapata nafasi ya kutembea badala ya kuruka. Rezista hizo hazigharimu hata chai na vitumbua viwili. Nimeona watu wakibadilisha waya za mamia ya maelfu kabla ya kufikiria rezista nne.

Njia ya pili ni rilei, yaani swichi ndogo zinazofunguka na kufunga kwa umeme, na huu ndio mpangilio ninaoupenda kuueleza. Fikiria muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, mwenye mawe sita tu ya mizani: kilo 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kwa mawe hayo sita anaweza kupima uzito wowote kuanzia kilo 1 hadi 63 bila kukosa hata namba moja. Priamplifaya ya rilei hufanya hivyohivyo kwa desibeli. Rilei sita, kila moja ikiwa na rezista zake zinazopunguza kiasi chake, zinakupa hatua 64. Kompyuta ndogo inapokea ujumbe wa rimoti na kuamua ni mawe yapi yapande. Rezista nzuri hutofautiana kwa asilimia moja tu au chini ya hapo, kwa hiyo kushoto na kulia haviachani, hata sauti ikiwa ya kunong'ona. Katika mpangilio huu rimoti imeleta usahihi ambao nobu ya kaboni haikuwa nao. Malipo yake ni ule mlio wa tak-tak ndani ya boksi, na wakati mwingine kishindo kidogo kwenye spika, hasa kutoka 31 kwenda 32, ambapo mawe matano hushuka na moja kupanda kwa mpigo.

Njia ya tatu ni chipu, ambamo rezista na swichi zote zimechongwa ndani ya silikoni. Chipu kama PGA2310 hupanda na kushuka kwa nusu desibeli, kuanzia chini kabisa -95.5 hadi +31.5, na kulingana kwa pande zake mbili ni kwa hali ya juu. Kwa upande mwingine ziko chipu za kale zaidi kama TDA7313, zenye hatua za desibeli 1.25 pamoja na besi na trebo humohumo, ambazo watengenezaji wa redio za magari na vyombo vya bei nafuu wamezitumia kwa miaka mingi. Zote ni "chipu", lakini kuzihukumu kwa neno moja ni kama kusema sato na furu ni kitu kimoja kwa kuwa wote wametoka ziwani. Hapa mpenda usafi ana haki ya kununa kidogo: mawimbi yanapita kweli ndani ya silikoni, muda wote, hata asipobonyeza mtu.

Ya nne ni ya muziki wa kidijitali, uliohifadhiwa kama namba: kupunguza namba zenyewe kabla hazijawa mawimbi. Kila biti moja, yaani tarakimu moja ya 0 au 1 katika namba hizo, ni kama desibeli 6. Muziki wa CD una biti 16; ukipunguza desibeli 36 ndani ya mfumo wenye biti 16 tu, umetupa biti sita. Mifumo ya leo yenye biti 24 au 32 ina akiba ya kutosha, hivyo hofu hiyo imepungua sana. Kwa Mwalimu na santuri zake, hata hivyo, njia hii haimhusu, kwa hiyo tuiache.

Linabaki shtaka la ile kompyuta ndogo. Ni kweli ina saa inayopiga mamilioni ya mara kwa sekunde, na kioo chenye namba zinazowaka kinaweza kurusha uchafu kwenye njia za muziki. Waundaji waangalifu huilaza kompyuta usingizi mpaka sensa ione mwanga, huipa umeme wake wa pekee, huizungushia ukuta wa chuma. Wavivu hawafanyi hivyo. Kumtambua mvivu hakuhitaji mashine. Washa chombo bila muziki, weka sauti pale unapoiwekaga, sogeza sikio kwenye spika ndogo ya juu, kisha mwombe mtoto abonyeze rimoti, azime kioo, akiwashe. Ukisikia mluzi, tik-tik au mngurumo unaobadilika, umemkamata. Usiposikia kitu sikio likiwa kiganja kimoja kutoka kwenye spika, hutasikia kitu ukiwa kwenye kochi.

Mwalimu alikuwa na swali jingine, kwamba mbona amesikia kwa masikio yake vyombo viwili, chenye rimoti na kisicho nayo, na kisicho nayo kikashinda? Nilimuuliza kama sauti zililinganishwa. Zililinganishwa "kwa kukadiria". Hapo ndipo mashindano mengi ya vyombo yanapoharibika, maana tofauti ya desibeli moja haisikiki kama ukubwa, inasikika kama uzuri: besi imejaa zaidi, mwimbaji amesogea karibu. Anayelinganisha kwa haki hulinganisha hadi sehemu ya kumi ya desibeli. Kwa mita ya fundi hilo linawezekana: piga mlio wa hezi 60, kwa kuwa mita nyingi za bei ndogo hupima vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, pima volti kwenye nyaya za spika, na hakikisha chombo cha kwanza kikitoa volti 1.00 cha pili hakizidi 1.01. Kisha msikilizaji asijue kipi kinapigwa. Mashindano mengi huishia hapo kwa watu kukaa kimya.

Jua nalo lina neno katika habari hii. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya televisheni iliyotumia mwali wa mwanga wa kawaida, kazi ya Eugene Polley. Sensa zilikaa kwenye pembe za kioo, na jua likiingia sebuleni lilikuwa likibadilisha stesheni lenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaleta nyingine isiyotumia mwanga wala betri: nyundo ndogo iligonga fimbo za alumini, zikatoa mlio wa juu mno usiosikika na binadamu. Infraredi ilipokuja baadaye ilipunguza tatizo la jua bila kulimaliza. Ninyi mnaokaa nyumba zinazotazama magharibi, kule Capri Point na kando ya ghuba, mnajua: jua linapozama upande wa pili wa maji, mwanga wake unaingia dirishani bapa na rimoti inakuwa kiziwi kwa nusu saa. Haijaharibika, na betri ni nzima. Sensa imefurikwa na infraredi ya jua lenyewe. Geuza chombo au funga pazia.

Lakini kama kuna gharama ya rimoti ambayo mtu wa Mwanza anapaswa kuiogopa, si hiyo wala si usafi wa mawimbi. Ni umeme. Chombo kisicho na rimoti kina swichi ya kweli: ukiizima, kimekufa. Chenye rimoti mara nyingi hakizimiki, husinzia tu, transfoma yake ikiwa hai usiku kucha kusubiri amri. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, aliyesinzia yuko mlangoni kuupokea. Radi ya Ziwa Victoria nayo hupenda usiku, na bonde hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Umeme ukishuka nusunusu, kompyuta ndogo huganda: taa inawaka, rimoti haisikilizwi, nobu haisikilizwi, mpaka uchomoe waya na kuhesabu hadi thelathini. Ununuapo chombo cha aina hii, nunua na soketi yenye swichi, uizime ukilala. Na kama ni mtumba kutoka Japani, soma mgongo wake kwanza, maana kule umeme ni volti 100. Nimeshuhudia chombo kizuri kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 zetu. Moshi wake haukuwa na tofauti kati ya rimoti na mkono.

Vumbi na vidudu vya ziwani vinaipendelea potenshomita. Kwenye zile siku vinapoinuka juu ya maji kama moshi, huingia popote penye taa, na nimewakuta wamekauka ndani ya vyombo kwa kikombe. Ulimi wa potenshomita ukianza kukwaruza, usipulizie dawa ya kulegeza kutu. Mafuta yake hubaki na kukusanya vumbi jipya. Ipo dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Rilei zilizozibwa hazina shida hii, wala chipu.

Nikarudi kwa Mwalimu na jambo ambalo naona ndilo zito kuliko yote niliyoyataja. Anapoinuka na kwenda kwenye nobu, anaipangia sauti mahali asipokaa. Pale kwenye kabati yuko karibu na spika ya kushoto, nje ya pembetatu ya spika mbili na kiti chake, amesimama, masikio yake juu ya spika. Anachokisikia pale sicho atakachokisikia kitini, ndiyo maana hurudi, hutikisa kichwa, huinuka tena. Na kimo cha sauti si suala la ukubwa peke yake. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu zaidi kadiri sauti inavyoshuka, kuliko linavyopoteza sauti za katikati. Rekodi ikipigwa chini ya kimo chake, gitaa la besi linakonda. Ikipigwa kwenye kimo chake, bendi inasimama mbele yako. Desibeli 2 za kimo sahihi zinabadilisha muziki kuliko kaboni, silikoni au rilei yoyote niliyowahi kuisikiliza. Kinachomwezesha mtu kuzipata desibeli hizo akiwa mahali pake ni rimoti.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama walimu wanavyomsikiliza mwanafunzi aliyejiandaa. Kisha akauliza ipi kati ya hizo nne isiyogusa maziwa.

Mpwa wake alimletea ya mota, iliyotumika, pamoja na transfoma ya kushusha volti. Fundi wa Mabatini aliweka rezista nne. Jioni ya kwanza Mwalimu alibonyeza, na nobu ikazunguka yenyewe pale kabatini. Akacheka. Akabonyeza tena, kidogo, akarudisha, kidogo, akaegemea. Wimbo wa tatu umeme ukakatika, tukakaa gizani tukisikia mbwa na pikipiki za barabara ya Shinyanga.

Ulipokuja, saa moja baadaye, santuri ilianza kuzunguka ilipoishia, na sauti ilikuwa palepale alipoiacha. Chipu ingehitaji kukumbushwa. Nobu ilikuwa imesimama tu gizani na sisi.